Mabega ya Kumbeba Baba

Kijiji cha Talovka,
Mto Don.
9 Novemba 1974.

Mpendwa kaka yangu Saveli,

Hujambo, na baridi ya Kamchatka inakutendaje? Kifua cha wifi yangu Rimma kimepoa? Huku hatujambo, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Najua telegramu ilikufikia tukiwa tumeshazika. Usijilaumu, kaka. Ndege hairuki kwa machozi.

Baba aliondoka kwa utulivu, asubuhi, baada ya kuuliza kama farasi wa shamba la ushirika wamenyweshwa maji. Kamanda wa brigedi nzima ya wapanda farasi, na neno lake la mwisho likawa la ndoo ya maji. Nililia huku nacheka.

Lakini aliniachia mzigo. Siku chache kabla alinishika mkono akasema, "Glasha, nataka kulala kando ya mama yenu. Ila majirani wakikataa kunibeba, usiwabembeleze. Waache wanajeshi wanipeleke mjini, kwenye makaburi ya mashujaa." Unajua mila yetu, damu ya marehemu haigusi jeneza lake. Mimi na wanangu tungeweza kufuata nyuma tu.

Na unajua jinsi kijiji kinavyomkumbuka. Shuleni watoto wanafundishwa kwamba alivuka mto chini ya risasi akawatimua maadui. Majumbani wanasikia kwamba mwaka 1920 alikuja hapa hapa kwao na kikosi chake, akachukua farasi wote, akaapa kuwarudisha kabla ya kulima. Hakurudi hata mmoja. Masika yale watu walijifunga hatamu wakavuta plau wenyewe, na baba wa mzee Nikandr Kumshatov akaangukia kwenye mtaro asiinuke tena. Yaliyopita si ndwele, lakini waambie hayo waliovuta. Yote mawili ni kweli, Saveli, nami nimechoka kuchagua.

Basi siku ya mazishi nikatundika langoni taulo sita za wabebaji, kila anayekubali kubeba ajifunge moja mkononi. Lori la jeshi lilikuwa barabarani, injini inanguruma. Walikuja vijana watano wa karakana ya matrekta, mmoja mmoja, wakachukua taulo zao wakitazama viatu vyao. Taulo ya sita ikabaki inapepea. Wazee walisimama ng'ambo ya barabara wakivuta tumbaku.

Jirani yetu Ustinya, ambaye hata msibani ulimi wake haulali, akasema, "Labda tumwombe marehemu ashuke ashike kona moja."

Ofisa kijana akanijia. "Mama, askari wangu wako tayari. Tukitoka sasa tutawahi mjini kabla ya giza."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Moyo uliniuma nikimfikiria mama amelala peke yake kule kilimani. Hapo mzee Nikandr akavuka barabara, kofia kichwani, hakuivua.

"Kijana, warudishe watoto wako kambini," akamwambia ofisa. "Huyu ni wa kwetu." Kisha akanigeukia. "Sijamsamehe, Glasha. Usije ukadhani."

Akajifunga taulo mkononi.

Walipofika mbele ya ua wake aliwaambia wenzake walitue jeneza kwenye vigoda. Akamwinamia baba. "Haya, Afanasi. Leo umefika kwangu bila farasi." Akapumua kidogo, akasema, "Nyanyueni."

Tulimzika kando ya mama. Kwenye karamu ya maziko mzee Nikandr hakuingia ndani, alikula ngano ya matanga, ile ya asali, amesimama uani. Nikamfuata kumshukuru, akanikatiza.

"Usinishukuru. Baba yangu tulimbeba mimi, damu yake mwenyewe, na mama, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimefungwa kwenye plau. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mtu abebwe na majirani zake, si na watoto wake wala wageni."

Nikamwongezea ngano kwenye bakuli.

Nisalimie Rimma na mwanenu Timofei. Ustinya anakusalimu na kusema umzidishie kuni huyo mke. Mungu akutunze katika theluji hiyo, akurudishe kwetu mtoni ukiwa mzima.

Dada yako anayekupenda siku zote,

Glafira