Uzio wa Nguruwe

Mto wa Kaskazini, Uholanzi Mpya
Oktoba 1643

Mdogo wangu Aeltje,

Jibini uliyotuma imefika na ukungu upande mmoja, tukaila hivyo hivyo. Ng'ombe amezaa. Ukimsomea Mama barua hii, ishia hapa.

Shemeji yako Wolfert unamjua. Huku watu huwaachia nguruwe wajitafutie msituni, na wetu walizoea mahindi ya Tamakwa, mwenyeji aliyetuuzia shamba hili. Jumatatu alikuja kulalamika mara ya tatu. Wolfert alifungua nusu ya juu tu ya mlango, akaegemea ile ya chini, kiko mdomoni.

"Jirani, nguruwe wako wamemaliza chakula cha wanangu. Wajengee uzio."

"Jenga wewe. Mahindi si yako?"

"Baridi ikija wanangu watakula nini?"

"Waje wale na nguruwe," akasema Wolfert, akacheka.

Tamakwa alikuwa na shoka kiunoni, lile lile tulilompa siku ya kununua shamba. Akamkata nalo shingoni mara mbili. Wolfert akabaki ananing'inia mlangoni, kiko chake bado kinatoa moshi kizingitini. Nikatwaa bunduki ukutani, nikaiegemeza kwenye mgongo wa mume wangu, nikampiga Tamakwa risasi kifuani. Alikuwa amesimama tu, wala hakukimbia.

Mkewe alikuja kumchukua, na watoto wanne.

Nguruwe nimewajengea uzio, Aeltje, peke yangu. Kazi hiyo imenichukua siku moja.

Dada yako,
Neeltje