Ile E Niliyoiacha kwenye Simu

Likasi, Jumamosi jioni, mwezi wa tano. Mvua zimekwisha, baridi imeanza, anga haina hata kiwingu. Magoti yangu yanalalamika na nimeyaacha yalalamike.

Nianze na kosa, maana ni langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika, katika gazeti letu la Lubumbashi, makala ya mahali pa kutembelea hapa Likasi, mji wa vilima ulio mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka kwetu. Karibu kila kitu nilikiona kwa macho yangu: barabara za mijakaranda, nyumba za zamani zenye baraza pana, mafundi wanaosugua jiwe la malakiti mpaka mistari yake ya kijani itokeze. Sentensi moja tu sikuiona: "Panda kilima kilicho kule nyuma ya mji, ukiwa juu utaona mji na bwawa kwa pamoja." Hiyo niliipata kwa simu.

Sikupanda. Nilikuwa na haraka ya kurudi.

Nimeandika habari za migodi, mahakama na ajali za treni, na kila mara nimekwenda kuangalia. Hiyo sentensi moja imenikera kuliko yote niliyowahi kuandika, kwa sababu wasomaji waliifuata. Walipanda kilima cha kwanza nyuma ya mji, wakakuta mnara wa simu, mbuzi, na kilima kingine kimeziba mbele. Papa Numbi, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliwapeleka pale wakwe zake watarajiwa, wazazi wa mchumba wa binti yake, akitaka kuwafurahisha. Barua yake bado ninayo. Inaanza: "Bwana mwandishi, bakwe bangu baliona mbuzi."

Sasa makala ile inakuwa kijitabu, na Jumatatu kinakwenda kwa mpiga chapa. Mhariri aliniambia nithibitishe sentensi ile au niifute. Nilimwita Papa Numbi awe shahidi. Leo asubuhi alikuja na fimbo, na sura ya mtu anayekwenda kusahihisha mtihani.

Chini ya kilima tulimkuta Mama Odette, anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Ndiye aliyenieleza njia kwa simu wakati ule.

"Papa journaliste! Njo weye? Bantu banashuka hapa na hasira, banasema mi nabadanganya!"

"Uliniambia kule, mama."

"Hapana! Mi nalikuambia kuleee." Aliivuta ile e, kidevu kikapanda nayo, mkono ukanyooka juu ya vilima. "We ukaandika kule. E yangu ulipeleka wapi?"

Papa Numbi alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Kwetu umbali hupimwa kwa koo. Kule ni pale unapoweza kumwita mtu akasikia. Ukiivuta, mahali panasogea mbali. Kila mtoto wa Katanga analijua hilo, na mimi nalijua. Lakini siku ile kalamu yangu ilichukua neno, ikaacha urefu wake kwenye simu.

Mama Odette alimwachia jirani bidoni zake za munkoyo, akatangulia kwa kandambili. Tuliondoka saa mbili na robo asubuhi. Saa tatu kamili tulikuwa kwenye mnara. Papa Numbi akaupigapiga kwa mkono kama mtu anayemsalimia adui wa zamani. "Bonjour. Na mbuzi baiko wapi?"

Walikuwepo.

Tukashuka, tukapanda cha pili, nyasi zikitufika kifuani. Juu yake tukaona mgongo wa kilima kingine, na maji hakuna. Nilianza kuipanga kichwani barua ya kumwambia mhariri afute. Papa Numbi alikaa juu ya jiwe, akipumua kwa shida.

"Mama, hapa ni kulee?"

"Eeh. Inabakia e moja."

Kilima cha tatu hakina miti. Udongo wake una shaba nyingi, miti inaukataa, huota nyasi fupi tu. Kwa hiyo ukifika juu, hakuna kinachokuzuia. Tulifika saa nne na dakika ishirini na tano.

Kushoto mji: mabati, reli, bomba la moshi la kiwanda cha zamani. Kulia bwawa, zima, bluu, na mitumbwi miwili katikati. Nilitoa simu nikapiga picha. Vyote viwili viliingia kwenye picha moja bila kugeuza mkono.

Sentensi ni kweli.

Nilipiga kelele. Sikumbuki lini nilifanya hivyo kazini. Papa Numbi akatoa simu yake. Mtandao ulikuwa umejaa, shukrani kwa ule mnara, ambao sasa ulikuwa chini yetu.

"Allô, mukwe wangu? Mi niko juu. Hapana, hapana, si ile ya mbuzi! Kuyeni hapa kesho, dimanche. Muvae viatu ya nguvu!"

Mama Odette aliangalia bwawa kama mtu anayeangalia ukuta wa nyumba yake. "Sasa bataacha kunitukana," akasema.

Tumekula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki sokoni, sisi watatu. Kisha nimeandika upya na kutuma: "Kilima hiki kiko kuleee. Pita cha mnara, pita cha pili, panda cha tatu. Ni saa mbili na dakika kumi kwa mwendo wa mwalimu mstaafu. Mwulize Mama Odette."

Mhariri amejibu sasa hivi: "Hizo e tatu, umekosea kuandika?"

Nimemjibu: "Usifute hata moja. Zote nimezipanda kwa miguu."