Kwa Nini Nimetoka kwenye Grupu la Familia

Kamwene, Danieli, mjukuu wangu wa Mbeya. Huku Kilolo hatujambo na mahindi yamekomaa, ila tangu tumzike baba yako mdogo mimi situlii. Naingia ndani, natoka nje.

Unauliza kwa nini nimetoka kwenye grupu la familia. Nilipokuwa msichana, nilitumwa Idodi kumwambia shangazi yangu kwamba mama yake amefariki. Kwetu mleta msiba hukaribishwa, akanywa maji, kisha akamwomba mwenyeji naye akae ndipo aseme. Mimi nilipomwona tu uani, nikapaza sauti nikiwa bado njiani. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, akaanguka nayo. Alipopata nguvu akaniuliza, "Mwanangu, ulishindwa kuniambia nikae kwanza?"

Najua hukukusudia vibaya, ulitaka ndugu wajue mapema. Lakini ile picha ya mwanangu uliyoiweka, na maneno "pumzika kwa amani" chini yake, niliikuta nikiwa sokoni, nachagua nyanya.

Siku nyingine nipigie, baba, uanze kwa kuniambia nikae. Hata barua hii naiandika nimesimama.

Bibi yako