Mapipa ya Kupigiwa Picha

Salaam aleikum Halima,

Jumanne asubuhi nilipoteza saa nne za maisha yangu, na hakuna wa kunirudishia. Meli yetu ya matajiri ilitushusha kwa kisiwa cha mvua, ati tuone wiski ikipikwa. Tulikuwa thelathini na wanane kwa basi, Mmeru ni mimi peke yangu. Tukaonyeshwa filamu ya dakika hamsini, halafu mapipa sita. Msichana wa kututembeza akasema pipa huchomwa ndani ndio kinywaji kishike moshi. Nikakukumbuka ukifukiza vyombo vya maziwa ya ngamia, nikaingiza pua. Harufu ya rangi tupu!

"Mama, tafadhali usiguse."

"Kwani mbona halinuki moshi?"

"Hayo ni ya kupigiwa picha tu. Kiwanda kilihamia mji mwingine."

Mwishoni tukaonjeshwa kifuniko kimoja cha chupa. Mtoto mwenye kikohozi hupewa dawa nyingi kuliko hiyo. Na watu wakapiga makofi, Halima!

Wewe una moshi wa kweli kila asubuhi, na bado unaniambia hakuna mgeni atakuja Isiolo kuuona. Kile chumba kando ya duka lako kitapewa muuza magodoro mwezi ukiisha. Tukichukue sisi tuwaonyeshe wageni humo, kodi mimi naingia nusu kwa nusu. Nimekumiss, Mungu akulinde wewe na watoto, lakini usiniletee mambo ya "tutaona". Nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana: tunachukua chumba au hatuchukui?

Kendi