Uzi Mwekundu wa Tunu

Mpendwa Baba Tunu,

Duka lako bado lipo palepale, kati ya muuza mabegi na yule mzee wa vitasa, na tunauza vilevile ulivyokuwa ukiuza: uzi, vifungo, zipu, lesi. Dada yako Mwanaidi ndiye anayefungua asubuhi. Mimi huja mchana, nikishamaliza kazi ya nta na rangi kule uani nyumbani. Nakalia stuli yako. Mguu wake mmoja umelegea na hakuna aliyeukaza, maana wewe ndiye uliyekuwa ukisema utaukaza kesho.

Nakuandikia kwa sababu nimeitwa tena. Kikundi cha kina mama wa Mtwara kinataka nikawafundishe batiki kwa wiki sita. Tangu tukuzike, huu ni mwaka wa pili, sijasafiri hata mara moja. Barua yao niliitia kwenye droo ya vifungo vya koti, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu: siendi.

Enzi zako kusafiri kulikuwa kwepesi kwangu, kwa kuwa uzito wake uliubeba wewe. Nilikuwa mara Songea, mara Bukoba, mara Tanga, nafundisha watu kuchora kwa nta, nawe umebaki Kariakoo na watoto wawili na duka. Majirani walikutania. "Baba Tunu, leo umepika nini?" Ukawajibu, "Wali maharage. Karibuni, ila vyombo mnaosha nyie." Sikuwahi kukuona ukikasirika. Pengine ulikasirika kimoyomoyo. Sikukuuliza, na sasa najuta kidogo.

Halafu kulikuwa na zile nyuzi. Nguo za sikukuu za watoto nilishona mimi, popote nilipokuwa. Basi ulikuwa unamsimamisha Tunu dukani, unashika uzi mwekundu begani kwake, unaushusha mpaka kifundo cha mguu, unakata. Hamisi alikuwa na wa bluu. Unazizungushia kwenye kipande cha boksi, unampa konda wa basi. Nilikwambia mara nyingi unipigie simu unitajie sentimita, yaishe. Ukasema, "Namba nitakosea mimi, au utakosea wewe. Uzi haukosei."

Unaijua Idi ninayotaka kuitaja. Tunu alikuwa na miaka tisa. Mwaka ule karibu wote niliumalizia Songea, nikija nyumbani siku mbili tatu na kuondoka. Kifurushi chako kilichelewa njiani, nami nilishajisifu mbele ya wanafunzi wangu kwamba fundi wa kweli, jicho lake ndilo futi yake. Nikakata gauni la Tunu bila kuungoja uzi. Batiki ya zambarau yenye maua meupe, kazi safi, sitajifanya mnyenyekevu. Nilifika nyumbani siku moja kabla ya sikukuu, nikamvalisha. Lilimbana mabegani hata mikono haikuinuka, na pindo likaishia katikati ya muundi.

Alijitazama, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, hili gauni ni la Tunu wa zamani."

Hukucheka. Ulilichukua, ukafumua pindo na mishono ya ubavuni, ukaenda dukani, ukarudi na lesi nyeupe. Ukaketi kwenye cherehani yangu, Tunu akiwa amekuegemea begani. Kufika alasiri lilimkaa sawasawa, na hukuwa umempima hata mara moja. Kesho yake pale Mnazi Mmoja watu walilisifia gauni, wakanipongeza mimi. Nilipokea pongezi zote.

Nikwambie ambalo sikukwambia. Siku ile niliona wivu. Nilikuonea wivu wewe, kwa kuwa mikono yako iliwajua watoto wangu kuliko macho yangu. Jioni nilikwambia sirudi tena Songea, ukaendelea kuokota vipande vya uzi sakafuni. "Nenda kafundishe," ukasema. "Mimi nipo."

Neno hilo la mwisho ndilo linalonisumbua sasa. Wiki iliyopita nilimwambia Mwanaidi kwamba safari ya Mtwara nimeikataa. Akaniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. "Sawa, wifi," akasema, "lakini hapa nyoka yuko wapi? Nitahamia kwako mimi. Nenda." Niligeukia vifungo, nikajitia kuvipanga. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa kurudi tena na gauni la mtoto ambaye hayupo, na safari hii hakuna wa kulifumua.

Jana Tunu alipita dukani akitoka shule. Alitusalimia, akamwita Hamisi asimame wima, akampima kwa uzi wa bluu. Kisha akampa shangazi yake uzi mwekundu ili apimwe yeye. Akazizungushia zote mbili kwenye kipande cha boksi, akazitia kwenye mkoba wangu.

"Za kuondokea hizi," akasema. "Nyingine nitazituma na basi. Na usikate kwa jicho, mama."

Nyumbani nilifungua droo ya cherehani, nikatoa uzi mwekundu na wa bluu, za mwisho ulizozikata wewe. Nikalinganisha za Hamisi kwanza, kisha nikaulaza mwekundu mezani, nikaulaza wa Tunu ubavuni mwake. Wa Tunu umezidi vidole vinne. Nilipima mara ya pili nikidhani nimeuvuta. Ni vinne. Miaka miwili nimelala naye nyumba moja, nimemwona kila asubuhi akifunga viatu vya shule, na katika vidole hivyo vinne sikukiona hata kimoja kikiongezeka. Nilikuwa nikidhani ulijua kwa sababu ulikuwa karibu. Kumbe ulijua kwa sababu ulikuwa unapima.

Barua ya Mtwara nimeijibu. Naondoka Jumatatu, na nyuzi zote mbili zimo mkobani.

Safari hii, Baba Tunu, aliye mbali kuliko wote ni wewe, kwa hiyo vipimo nakutumia mimi. Tunu, ongeza vidole vinne. Hamisi, vitatu, ingawa yeye anabisha kwamba ni vinne.

Mkeo,
Mama Tunu