Nduru Niliyompigia Mzee Barasa

Ngara, Nairobi
Jumamosi asubuhi

Kwako mama,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono nikiwa mbali. Goti lako linaendeleaje? Dada aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Na bibi, anameza dawa zake za presha au bado anazificha chini ya mkeka? Mimi ni mzima isipokuwa jino moja la mbele, ambalo halipo tena, na mdomo wa juu umevimba hata chai nainywa kwa kijiko. Usishtuke. Au shtuka, mama, kwa sababu nikikwambia usishtuke nitakuwa nimeanza kwa uongo, nami leo nimekaa niseme kweli.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa mjomba amenichukulia simu. Anayekuletea ni Halima, binti wa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, anashuka Mombasa kwa basi la saa nne. Isome peke yako kwanza.

Nilipokwambia nimeanza kujifunza kuchora kwa rangi uliniuliza, "Kuchora ndiyo nini, nawe wangoja chuo?" Sikukujibu, kama kawaida yangu. Jibu ni kwamba pale darasani hakuna anayenitaka niseme. Ni ukumbi mmoja Kangemi, nyuma ya soko, kila Jumamosi. Anayefundisha ni mwanamke, Mwalimu Wairimu, na wanafunzi tuko tisa ambao hatujui kitu. Rangi zenyewe zaitwa akriliki, zinakaa kwenye mirija kama ya dawa ya meno. Unazilainisha kwa maji kidogo, na zina haraka: umegeuka kupiga chafya, zimekauka. Siku ya kwanza niliacha burashi juu ya meza nikaenda msalani, niliporudi ilikuwa ngumu kama kijiti. Siku ya pili nikatia maji kupita kiasi, mchoro wote ukashuka ukaishia kwenye suruali yangu. Mwalimu hagombi. Husema, "Umekosea? Wacha ikauke, upake juu. Hii si penseli, hapa hakuna kufuta." Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo njiani, kimoyomoyo.

Meza moja nilikaa na Mzee Barasa. Ni fundi wa viatu, ana meza yake karibu na steji ya matatu ya Kangemi, umri wake kama wa baba mkubwa. Alikuja kujifunza ili achore kiatu kwenye bango lake, kwa sababu wateja wanapita bila kusoma. Mimi nilikuwa nachora birika lako, lile lililopinda mdomo. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mpwani, hiyo ni birika ama ni kuku amekalia mayai?"

"Birika."

"Sawa. Ikitaga uniite."

Ndiye mtu wa kwanza wa Nairobi kunichekesha. Viatu vyangu vyeusi vya shule vilipobanduka soli alivichukua, akavirudisha wiki iliyofuata na soli mpya za tairi la gari, nzito, akaniambia hizo nitamwachia mjukuu. Hakutaka nimlipe.

Sasa mama, sikiliza.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na manyunyu. Darasa lilipoisha nilitoka wa kwanza, kama ninavyotoka kila mahali, ili nisiagane na watu. Wewe umenigombeza kwa tabia hiyo tangu utotoni. Nilipokaribia barabara kuu ya Waiyaki Way nikapapasa bega, begi halipo. Rangi zangu zote zilikuwa humo. Nikageuka, nikaliona begi langu jeusi lenye mkanda mwekundu. Liko mgongoni mwa mtu anayekimbia. Amejifunika nailoni kichwani kwa ajili ya mvua, simwoni uso, anakatiza kati ya meza za soko kuelekea chini, mbali nami.

Wanijua nilivyo. Maalim alikuwa akiniwekea sikio mdomoni ndipo asikie aya niliyosoma. Siku hiyo sijui sauti ilitoka wapi. Nilipiga nduru, "Mwizi," mara moja tu. Ilitoka nyembamba, kali, kama ya mwanamke. Nilitaka asimame, basi.

Sikuhitaji kuita mara ya pili. Soko zima lilikuwa limeshaitikia.

Mwendesha bodaboda alimtegea mguu, akaanguka kifudifudi kwenye matope. Wa kwanza alimpiga kwa helmeti. Wa pili alikuwa na ubao uliong'olewa kwenye meza ya nyanya, misumari ikiwa bado imetokeza. Mtu wa bucha alitoka na koti lake jeupe lenye damu, akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino, akakizungusha kama anayezima sigara. Nilisikia vidole vikivunjika. Mama mmoja aliyebeba ndizi alizitua taratibu, akaokota jiwe, akampiga nalo, akajitwika ndizi zake akaenda zake. Na watu walikuwa wanacheka, mama. Hilo ndilo sikulitarajia.

"Huyu ameamka mapema kuja kufa."

"Leteni petroli."

"Tairi iko wapi? Nani ako na tairi?"

Mkono ukanisukuma mgongoni. "Kijana, hii si sinema. Weka yako."

Niliweka. Nilimpiga teke la mbavu kwa nguvu zangu zote, na kwa kitambo kile sikumwonea haya mtu yeyote duniani. Nilijiona mkubwa. Hilo sijamwambia mwingine ila wewe. Teke likamgeuza, nailoni ikamtoka, nikaona ni Mzee Barasa.

Nilisema, "Si mwizi, namjua." Lakini nilisema kwa sauti yangu hii ya kila siku. Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena, chini zaidi. Ubao ukaendelea kupanda na kushuka. Begi lilikuwa limechanika, mirija imekanyagwa ikapasuka, nyekundu na buluu zimetapakaa kwenye lami pamoja na damu yake, nami nikasimama nazitazama, nikijua ni ipi itakayokauka kwanza.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Wairimu. Alikuja mbio akamlalia juu, naye akapigwa ubao wa mgongo, huku anasema na wala haachi kusema, "Huyu ni wangu. Ametoka darasani kwangu sasa hivi. Huyu ni wangu." Mwenye petroli akabaki ameshika chupa. Watu wakaanza kuondoka, kila mmoja kana kwamba alikuwa akipita tu. Niliondoka pamoja nao. Nilitembea kwa miguu mpaka Ngara, nikafua suruali, nikala wali wa mjomba.

Jumanne Mwalimu alinipigia tukamwone hospitali. Nilikwenda kwa kuogopa kukataa. Taya imefungwa kwa waya, mguu uko kwenye plasta, mkono wa kulia umefungwa mpaka kiwiko, jicho moja halifunguki. Anasema kwa meno yaliyobanwa. Unajua maneno yake ya kwanza?

"Mpwani, begi yako imepotea. Pole. Uliiacha chini ya meza, nikakimbia nikupatie steji ya chini, sikukupata."

Alikuwa anakimbia kunifuata. Kama ningekuwa mtu wa kuaga, angenipa mlangoni.

Pembeni ya kitanda alisimama mpwa wake, Wafula, kijana wa kubeba mizigo sokoni, mabega kama mlango. Yeye alikuwa ameshamjua mbaya wao. Mzee alisikia nduru ya mwanamke, nyembamba, na jirani yake pale steji ni Mama Ciku muuza mboga za sukuma wiki, ambaye wamegombania kivuli cha mwavuli mwaka mzima. "Ni yeye alimpigia nduru ili abaki na hiyo nafasi," Wafula akasema. "Nataka tu mzee atoke kwa hatari. Halafu huyo mama atajua mbao ina misumari." Mwalimu akamwambia aache ujinga. Mimi nikatazama sakafu.

Alhamisi nikapita Kangemi kwa makusudi. Meza ya Mama Ciku ilikuwa imevunjwa miguu miwili, ameiegemeza kwenye mawe, anakata sukuma na mtoto mgongoni. Shavu lake moja lilikuwa jeusi. Wafula hakuwa amengoja. Mwenye meza ya pili aliniambia kuwa Wafula alisema hiyo ni salamu tu. Nilinunua sukuma, nikashindwa hata kumshukuru.

Basi jana Ijumaa, baada ya sala, nikaenda hospitali peke yangu. Wafula alikuwa amekwenda kununua maji. Nikamwambia Mzee Barasa ni mimi. Alifikiri ninatania.

"Sema hilo neno," akaniambia.

"Wapi, hapa?"

"Hapa. Sema vile ulisema."

Nikalisema, si kwa nguvu, ila kwa sauti ileile nyembamba. Mwili wake wote uliruka kitandani, hata chupa ya dawa ikagonga chuma. Kwa hiyo alijua. Nikaona nisibakishe kitu, nikamwambia na teke. Jicho lake lile zima likashuka polepole mpaka miguuni kwangu, likakaa kwenye soli zake.

"Na hizi?"

"Na hizi."

Akageuzia uso ukutani. Wafula aliporudi nikamweleza na yeye. Akamuuliza mzee kama ni kweli, mzee hakuutoa uso ukutani. Wafula akanishika kola akanitoa mpaka kwenye korido. Ngumi ya kwanza ndiyo iliyochukua jino. Ya pili sikumbuki ilitua wapi. Nilipokuwa chini alinipiga mateke ya mgongo, bila haraka, mpaka muuguzi alipokuja na mlinzi. Sikuinua mkono. Usidhani ni ushujaa. Nilikuwa nafikiri hivi ndivyo ilivyokuwa kwake, ila wao walikuwa thelathini.

"Huyo mama amekutuma," Wafula akaniambia akiwa ameshikwa. "Amekununua, mtoto wa watu. Kama si uongo, Jumatatu asubuhi uonekane kituo cha polisi, uandike kwa mkono wako. Usipoonekana, huyo mama tutammaliza. Umenisikia? Si meza, yeye."

Nimemsikia. Ninamwamini, kwa sababu nimeshaona jinsi inavyofanyika, na ni dakika chache tu.

Mjomba nilimweleza jana hiyohiyo. Hakunipiga. Alifunga duka mapema, akaniambia kundi la watu halina jina, kwamba nikiandika mimi ndiye nitakuwa jina, na hakuna atakayefungwa ila mimi. "Huyo Mama Ciku ni shangazi yako?" akauliza. Amenikatia tikiti ya basi la kesho asubuhi, na atanipandisha yeye mwenyewe. Ananipenda, najua. Jana nilijaribu kumwambia siendi. Nilifungua mdomo huu uliovimba, nikasimama mbele yake kama mlingoti, mwisho nikamwomba chumvi.

Nisalimie bibi, mwambie namwombea afya na aache kuficha dawa. Nisalimie dada Mwanaisha na mumewe, na watoto wao nawabusu, hasa yule mdogo anayeniogopa. Nisalimie baba mdogo wa kivukoni, na jirani yetu Mama Saumu aliyenipa kofia ya safari. Maalim pia, ukimwona.

Ombi langu ni moja. Wewe ni dada yake mkubwa, na mjomba hajawahi kuvuka neno lako. Mpigie leo, mara tu ukimaliza kusoma. Mwambie hunipokei. Akikwambia nitafungwa, mwambie unajua. Akinipandisha basi kwa nguvu nikafika kwako kesho jioni nikagonga, usinifungulie, mama, hata ukinisikia nalia, hata bibi akikusihi. Nirudishe stesheni ya mabasi usiku huohuo. Jumatatu asubuhi nataka niwe huku.

Ni mimi mwanao uliyemlea kwa upole,
Twalib