Vikapu Kumi na Kimoja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukishaitikia, kaa kitako kabisa, maana barua hii si ya kusomwa umesimama. Mgongo unaendeleaje, bado unalalia ubao? Wifi hajambo? Nimeona picha ya watoto, na yule mdogo kakurithi masikio, pole yake. Huku sote tu wazima. Mimi nina afya ya mwili, na mama ana afya kunishinda mimi.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mama siku hizi akiongea na wewe hanitaji kabisa, na ukimuuliza habari zangu anasema simu inakatika. La pili, wifi anaomba mifuko mingine ya nguo kama ile miwili niliyowatumia, hasa ule wenye picha ya jani, na anataka kujua kama mambo haya ya kununua vitu visivyochafua mazingira yatadumu au ni mtindo wa kupita tu. Ningekupigia, lakini unanijua, kwenye simu mimi ni mwongo wa kuzaliwa. Nimeona niandike. Naanza na swali la wifi kwa kuwa ndilo jepesi.

Mwaka juzi meneja wetu wa supamaketi alitoka kwenye semina akiwa na shati la kijani, na kuanzia siku hiyo hatukupumua. Safu nzima ya biskuti iliondolewa, pakawekwa miswaki ya mianzi, sabuni zilizofungwa kwa karatasi ya kaki, na mifuko ya pamba ya kila namna. Mimi nikavalishwa aproni ya kijani, nikaambiwa mimi ndiye msimamizi wa safu hiyo, na kwamba nikifanya vizuri nitapewa ajira ya kudumu. Kaka, unajua wakati huo nilikuwa nimeisubiri ajira hiyo miaka minne, kila baada ya miezi mitatu natia saini mkataba mpya kama mtu anayeomba kulala ugenini. Basi nikaipenda kijani kuliko majani yenyewe.

Na wateja, lo! Palikuwa na mmoja tuliyempa jina la Mama Pamba. Alikuwa akija na gari kubwa, peke yake, kununua mswaki mmoja. Kila akija alinunua na mfuko mpya, kwa sababu mifuko mingine aliisahau nyumbani. Siku moja nilimsaidia kupakia vitu, akafungua buti, mifuko ikanimwagikia miguuni, mingine bado ina lebo. Akacheka, akasema ameipenda dunia mpaka imemjazia nyumba. Nikacheka naye. Kazi yangu ilikuwa kucheka.

Sasa twende kwa mama. Vikapu vyake unavijua, ndivyo vilivyotuvisha viatu vya shule baba alipofariki. Alivisuka kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia makatoni, ambayo watu huikata na kuitupa. Usichokijua ni kwamba tangu niajiriwe, mikanda hiyo ilitoka stoo kwetu. Nilikuwa naiokota chini, naikunja, natoka nayo mkobani. Mama anaiosha, anaipanga kwa rangi, anasuka, kisha anakuja kuuza nje ya geti la supamaketi hiyohiyo, ameketi juu ya kreti. Kikapu chake ukikinunua leo, mjukuu wako atabebea viazi. Jirani yetu mshona viatu anacho kimoja cha tangu sijavunja ungo, kamba haijalegea.

Lakini nilimwonea aibu, kaka. Nasema wazi. Wiki ya kwanza kazini nilimwomba asiniite mwanangu pale getini, maana wenzangu wana mama zao walimu na makarani, na wangu anakaa kwenye kreti. Hakukasirika. Alisema sawa, ataniita dada kama anavyowaita wateja wengine. Miaka minne mama yetu aliniita dada. Nami asubuhi nampa shikamoo kama mtu yeyote anavyompa mtu mzima, namwita mama kama kila mtu anavyomwita, na hakuna aliyegundua kitu. Jioni nyumbani tulikuwa tunacheka. Angalau mimi nilicheka.

Kisha meneja akatangaza Siku ya Kuiaga Plastiki. Watu walete plastiki zao getini, wapewe mfuko wa pamba bure, gari la taka lishindilie kila kitu mbele ya mpiga picha wa gazeti. Tulipokuwa kwenye kikao, Mama Pamba, aliyealikwa kama mteja wa heshima, akasema ni kichekesho kuiaga plastiki huku kuna bibi anaiuza mlangoni. Meneja akauliza bibi huyo ni wa nani. Akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa kijani, akaniuliza kama namjua.

Kaka, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningeweza kusema kwamba vikapu vile ni taka zetu wenyewe, kwamba mikanda naitoa stoo kwa mkono wangu, kwamba katika jengo lile hakuna kitu kinachoitunza dunia kama mikono ya yule bibi. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nikasema simjui. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata mimi ananikera.

Nikapewa kazi ya kumwondoa. Niliandika ilani, nikasimama nayo mbele yake na kumsomea, kwa sababu unajua herufi ndogo hazioni. Nilisoma kwa sauti ya kazini, mpaka mwisho, na tarehe. Aliuliza jambo moja tu, mikanda sasa itakwenda wapi. Nikamjibu kwamba itachomwa nyuma ya stoo. Akatikisa kichwa, akafunga mzigo wake.

Ungedhani yameishia hapo. Siku yenyewe alikuja, amevaa kanga yake nzuri, amebeba vikapu vyote alivyobaki navyo, kumi na kimoja. Alipanga foleni kama wengine. Nadhani alikuja kuona kama nitathubutu. Mlinzi alipoambiwa avichukue alisema ghafla tumbo linamsumbua, akaenda zake. Nikavichukua mimi. Kimoja kilikuwa kidogo, chekundu na cheupe, mshikio haujamalizika, ncha za mikanda zinaning'inia. Nilikijua. Alikuwa anamsukia binti yako. Nilikirusha pamoja na vingine kwenye gari la taka, na gari likashindilia, na plastiki ile haikuvunjika upesi, ililia muda mrefu. Kisha nikamkabidhi mfuko wa pamba wenye picha ya jani. Mpiga picha akamwambia bibi atabasamu. Alitabasamu. Picha ilitoka gazetini, mimi nimeshika upande mmoja wa mfuko na yeye upande wa pili, na chini wameandika kwamba elimu imewafikia hata wazee.

Ule mfuko aliuacha juu ya kreti. Niliuokota, nikaufua, nikawatumia. Ndio huo wifi anaousifia. Mwambie sina mwingine kama huo.

Wiki ileile nilihama nyumbani. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuwa karibu na kazi.

Na mtindo wenyewe? Haukufika miezi minane. Miswaki ya mianzi iliota ukungu, watu wakarudisha. Sabuni za kaki zikapunguzwa bei, kisha zikaliwa na panya. Mama Pamba siku hizi anafuata mambo ya mazoezi, anakuja kununua unga wa misuli kwenye makopo makubwa ya plastiki. Shati la kijani la meneja tunafutia vioo. Biskuti zimerudi kwenye safu yao, na ajira ya kudumu haikuja. Nilipoikumbushia, meneja aliniambia safu niliyokuwa nasimamia haipo tena, kwa hiyo na msimamizi hayupo.

Halafu mwezi uliopita akaja mgeni kutoka makao makuu. Mama mmoja mpole, na mkononi ana kikapu cha mikanda ya plastiki, cha bluu na njano. Alisema alikinunua getini kwetu miaka sita iliyopita na hakijatoboka, na sasa kampuni inataka vikapu vya namna hiyo madukani kote, vinavyosukwa kwa taka. Akauliza fundi yuko wapi. Meneja akanitazama. Safari hii niliruka kujibu kabla hajaniuliza. Nilisema namjua, nawapeleka leo hii. Meneja akaninong'oneza kwamba nikimpata bibi huyo, barua yangu ya ajira ataiandikia tarehe.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nimwangukie miguuni mbele yao wote, nimwite mama kwa namna ambayo kila mtu ataelewa. Tulimkuta mlangoni anachambua maharage ya jirani, ndiyo kazi anayofanya sasa. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa sauti ileile anayowapa wapita njia. Akatoa viti viwili kwa ajili ya wageni. Mimi nikabaki nimesimama nyuma ya kiti cha meneja, kama mtu wa kazini.

Mgeni alieleza haja yake, na mama akasikiliza vizuri, akaulizia mikanda, akakubali kusuka na kufundisha wanawake wengine. Ndipo yule mgeni, kwa wema wake, akatutazama, mimi kisha yeye, akasema tumefanana pua, akauliza kama tunajuana. Mama aliacha maharage. Alinitazama muda mrefu, kaka, alinitazama sawasawa, bila hasira hata kidogo. Kisha akamjibu kwamba hanijui. Akasema yeye ana mtoto mmoja tu, wa kiume, anafanya kazi mbali. Akaongeza kwamba huyu dada anamkumbuka kwa sura, ndiye aliyewahi kumpa mfuko, na anashukuru.

Alikuwa na sharti moja, akaliomba kwa adabu zote. Kwa kuwa macho yake hayamsaidii, anahitaji mtu wa dukani wa kumsomea karatasi, lakini asiwe huyu, kwa sababu huyu akisoma, yeye husikia lori la taka. Mgeni hakuelewa, ila aliandika. Meneja alielewa vizuri sana. Mkataba wangu ulikwisha Ijumaa na hakuna aliyeniletea mwingine wa kutia saini. Mama ameanza kazi Jumatatu, ndani, kwenye meza yenye taa nzuri, na yule mlinzi aliyesema anaumwa tumbo ndiye anayemsomea.

Basi majibu yako ni hayo. Wifi mwambie kwa sisi wa dukani ulikuwa mtindo, ulikuja na shati na ukaondoka na shati. Kwa mama haukuwa mtindo, yeye alikuwa hajui hata kama jambo lile lina jina.

Sikuandikii ili unitetee. Kazi itapatikana, au haitapatikana. Na wala sikulaumu kwa kubaki mtoto pekee, jambo hilo limekukuta umelala. Ninachokuomba ni kidogo. Nimekupa shikamoo mwanzo wa barua hii. Usinitumie salamu za jumla za kwamba sote wazima. Niandikie marahaba, na mbele yake uandike jina langu, lile alilonipa yeye.

Nisalimie wifi na watoto. Binti yako usimwambie habari za kikapu.

Mimi mdogo wako,
wa tumbo moja